Hoteli ya Usiku Mmoja

Mwishoni mwa mwaka 2022 mimi na dada yangu tulichanga pesa tumpeleke Mama baharini. Alikuwa amestaafu ualimu huko Kitui na kuhamia kwangu South B, Nairobi. Miaka yote ya kufundisha jiografia aliwachorea watoto Ghuba ya Uajemi kwa chaki, na hajawahi kuitia macho. Tukapata safari ya siku saba ya meli ya kitalii, kutoka Dubai na kurudi Dubai, mwezi wa Januari, maana meli hizo hujaa huko wakati wa baridi. Dada ndiye angeandamana naye. Mambo ya visa aliyashika yeye, tena ile ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli ingetoka nchini na kurudi. Mimi nikaachiwa kazi iliyoonekana ndogo: kutafuta hoteli ya usiku wa kuamkia siku ya kupanda meli.

Kwamba lazima walale huko usiku huo, hilo tuliambiwa na jirani yetu wa ghorofa ya chini. Ni mtu wa Lamu, na mtaa mzima humwita Kapteni, ingawa melini alikuwa mhudumu wa vyumba kwa miaka mingi. Alitushika mkono kabla hatujakata tikiti ya ndege ya siku ileile. "Ndege ikikuacha, iko nyingine," alisema. "Meli ikikuacha, imekuacha. Milango hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga, na gati lina zamu na malipo yake. Haingoji mtu."

Basi nikaingia kwenye simu. Nikatafuta bandari ya Dubai, nikaletewa Mina Rashid, na pembeni yake mitaa ya Deira na Bur Dubai yenye hoteli za bei ya kueleweka. Hapohapo Mina Rashid imeegeshwa QE2, ile meli ya Waingereza iliyostaafu mwaka 2008 ikafunguliwa kuwa hoteli mwaka 2018. Nilimwonyesha Mama picha zake nikidhani atafurahi. Alizitazama kwa utulivu, akasema, "Nilale melini, niamke nikapande meli?" Nikaachana nayo. Nikachagua hoteli ya Deira, nikalipia ile bei ambayo pesa hazirudi, kwa sababu iliokoa shilingi elfu tatu. Nililala nimeridhika.

Jumapili Kapteni alipanda kutuamkia. Mama akampa kahawa. Nikampa karatasi za safari azipitie, naye akaisogeza miwani, akasoma mstari kwa mstari kama mtu asomaye barua ya kwao. Kidole chake kikasimama.

"Mwanangu, hapa pameandikwa Dubai Harbour. Hoteli yako iko upande wa Mina Rashid."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba siku hizi Dubai ina magati mawili ya meli za abiria. Lile la zamani ni Mina Rashid. Jipya lilifunguliwa mwaka 2021, upande wa Palm Jumeirah na Dubai Marina, na kutoka moja hadi jingine ni zaidi ya kilomita ishirini. Nilihisi damu ikinipanda usoni. Zile zilikuwa pesa za dada yangu pia, na yeye hulipa karo ya watoto watatu.

"Si msiba," Kapteni akasema. "Teksi zipo, wangefika. Lakini usiku ule ni wa kutuliza roho, si wa kuanzia safari nyingine alfajiri." Kisha akamgeukia Mama. "Dada yangu, wewe mwenyewe wataka hoteli ya namna gani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nilimpigia dada jioni ile nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akasema, "Tafuta nyingine, lakini safari hii tafuta na Mama." Baada ya chakula nikafuta meza, nikaweka kompyuta katikati, tukakaa bega kwa bega.

Nilitaka kuanza na bei. Yeye alitaka picha za bafu. Vitanda hakuvijali, na ukumbi wenye taa za dhahabu aliupita kama mtu apitaye duka la nguo asizozihitaji. Tulipofika kwenye bafu la hoteli ya tatu akaniwekea mkono juu ya kiganja nisisogeze picha. Lilikuwa na hodhi jeupe, refu, la mtu kujilaza, na bomba la mvua juu yake.

"Hapo mtu huingiaje?"

"Unainua mguu, Mama, unavuka ukingo."

Hakujibu. Akawa anaufuata ukingo ule kwa kucha, kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Ndipo akaniambia, bila kuniangalia, kwamba mwezi wa Agosti alianguka bafuni mle ndani mwangu. Goti la kulia lilikataa kuinuka, akaangukia ndoo. Nilikuwa kazini. Alijikokota hadi mlangoni, akavaa, akapika chakula cha jioni, nami nilirudi nikala. Tangu siku ile alikuwa anaoga amekaa kwenye kile kigoda cha jikoni. Kigoda nilikuwa nakikuta bafuni karibu kila asubuhi, nakirudisha jikoni.

Sikujua niseme nini. Nilisema, "Tutafute lisilo na ukingo."

Ilituchukua siku nne. Nyingi ya hoteli tulizoziona zilikuwa na hodhi. Hatimaye tukapata moja upande wa Dubai Marina, teksi fupi hadi gatini, yenye lifti na birika la umeme chumbani, maana Mama hawezi kulala bila chai. Sikuamini picha. Niliwaandikia nikiomba wanipigie picha ya bafu la chumba chenyewe, wakaleta: sakafu tambarare hadi chini ya bomba, na chuma cha kushikilia ukutani. Dirisha lilitazama jengo jingine. La bahari lilikuwa ghali zaidi, na Mama akasema bahari atakuwa nayo siku saba. Nikalipia bei ya juu kidogo, ile inayoruhusu kughairi. Nikampa dada dirhamu za mkononi, kwa kuwa kule kuna ada ya utalii kwa kila chumba kila usiku, na aghalabu hudaiwa hotelini penyewe.

Kapteni alikuwa na neno moja zaidi. Bafu za meli, alisema, huwa na kizingiti mlangoni ili maji yasitoke, na hicho hakina dawa ila mazoezi. Akaleta ubao, akaulaza kwenye mlango wa jikoni yetu juu ya matofali mawili. Kila jioni, taarifa ya habari ikianza, Mama alishika fremu ya mlango akauvuka mara kumi kwenda, mara kumi kurudi, akihesabu kwa sauti ya darasani. Wiki ya kwanza alikuwa akitangulia kwa mguu wa kushoto na kuuvuta ule mwingine. Wiki ya tatu goti la kulia lilikuwa linainuka lenyewe, polepole, na mimi nikiwa jikoni nimesimama na mwiko, naangalia.

Waliondoka kwa ndege ya jioni. Nilirudi kutoka uwanja wa ndege nikaketi sebuleni, ubao bado upo mlangoni, sikuwa na moyo wa kuuondoa. Saa tano na dakika chache usiku, kule ikiwa imeshapita saa sita, simu ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Mama, imepigwa ikaenda upande. Sakafu ya bafu, imelowa, na alama za nyayo zake zikitoka chini ya bomba hadi kwenye taulo.

Chini yake aliandika: "Nimeoga nimesimama."