Nilivyomtafuta baba yake Kambo kwa namba ya poso

Kwetu kulikuwa na hadithi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Baba yake Kambo, yaani bibi yangu, alipigwa risasi tarehe 9 Desemba 1941, siku askari walipowafyatulia risasi wagomaji wa Union Minière, kampuni ya migodi, kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, mji wa Kongo tunaouita leo Lubumbashi. Kila matanga, wajomba wakishatulia na vikombe vyao, hadithi inaanza upya. Mmoja alikuwa anaongeza kwamba mzee alisimama hatua chache tu kutoka kwa Léonard Mpoyi, kiongozi wa wagomaji, ambaye kweli aliuawa siku hiyo.

Mimi ni muuguzi, si mwanahistoria, na sikuanza kutafuta kwa kuwa nilikuwa na shaka. Binti yangu alipewa kazi ya shule, aandike ukoo wake hadi kizazi cha nne. Ndipo nikaona kwamba mtu tunayemlilia miaka yote hii sijui hata jina lake kamili. Wajomba wakasema Augustin Ilunga. Haya, kamtafute mtu anayeitwa Ilunga katika Katanga nzima! Heri utume mtoto akutafutie punje moja ya mahindi ndani ya gunia.

Nilianzia mahali pabaya. Nilikwenda kwenye ofisi ya eta-sivili, wanapoandikisha vizazi, ndoa na vifo, ya komini moja ya mji, karani akaniomba sukré, yaani soda, nikanunua, akaniambia nirudi Jumatano. Jumatano ikawa Jumatano tatu. Mwishoni akanionyesha rafu yenye madaftari ya juzi juzi tu na kusema ya zamani hayapo. Nilikasirika sana, lakini baadaye nilielewa kwamba hata kama yangekuwapo, mzee wangu labda nisingemkuta humo. Wakati wa Wabelgiji, madaftari ya eta-sivili yalikuwa hasa ya wazungu. Mwafrika wa kawaida alikuwa mtu wa sensa: aliandikwa katika kijiji chake, chini ya chifu wake, ili ajulikane kwa kodi na kwa kazi. Akihama, karatasi zinamfuata au zinapotea njiani. Kuna jirani aliyenishauri nikaombe sensa ya 1984, ambayo ndiyo ya mwisho kuhesabu nchi nzima. Nilimshukuru. Mtu aliyekufa zamani za wazungu hawezi kuhesabiwa 1984.

Mlango ulifunguliwa na Kambo mwenyewe, bila kujua. Ana miaka tisini na kitu, macho hayaoni vizuri, lakini mdomo bado uko sawa. Jioni moja nilikuwa namkanda miguu, tukaongea habari za kambi ya wafanyakazi alikozaliwa. Akanieleza jinsi mama yake alivyokuwa anamtuma kwenye mstari wa poso, kile chakula cha juma ambacho kampuni iligawia familia: unga, mafuta ya mawese, chumvi, samaki mkavu. Mtoto ukifika mbele unataja namba ya baba yako. Akaitaja hapo hapo, haraka haraka kama wimbo: ine, tatu, mbili, saba. Niliacha kukanda. Kwa miaka zaidi ya themanini mwanamke huyu alikuwa amebeba 4327 kichwani, na sisi tulikuwa tunamuuliza majina.

Kampuni zile za migodi zilimjua mtu kwa namba kabla ya jina. Jina liliandikwa na karani kwa jinsi alivyosikia siku hiyo: mmoja anaandika u, mwingine anaandika ou kwa Kifaransa, na mtu wa kabila lenye majina matatu anaweza kuwa na jina jipya kwenye kila karatasi. Namba haina lahaja.

Kupata ruhusa ya kuingia kwenye ghala la fishi, yaani kadi, za wafanyakazi kulinichukua miezi minne na barua tatu. Sitaeleza hayo, kila mtu hapa anajua jinsi barua zinavyotembea. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu, mchwa walikuwa wamekula kona ya rafu nzima, na mzee mtunzaji alikuwa mwema kuliko wote niliokutana nao. Alinifundisha mambo mawili: nisipige picha kwa mwanga wa simu, na nisiamini fishi ya kwanza. Kweli, zilikuwa mbili zenye 4327. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyerudi kwao mwaka 1927. Ya pili iliandikwa: KABANGE ILUNGA, teritwari (wilaya) ya Kabongo, kazi ya tanuru.

Nilitaka kuirudisha. Hakuna Augustin, na jina Kabange hatujawahi kulisikia nyumbani. Lakini Kabange si jina la kuokota njiani. Kwa Waluba wa Katanga, pacha wa kwanza huitwa Kyungu, wa pili Kabange. Na mdogo wa mama yangu anaitwa Kyungu, ingawa alizaliwa peke yake, jambo ambalo tulikuwa tunalicheka utotoni. Alipewa jina la mtu. Nikakaa chini.

Umri uliniyumbisha kidogo. Fishi ya kazi inasema amezaliwa karibu 1905. Nakala ya sensa ya kijiji iliyobandikwa nyuma yake inasema 1910. Usihangaike na tofauti kama hiyo: hakuna aliyeuliza cheti, karani alimtazama mtu mwili na ndevu akakadiria. Nilichoshika ni kijiji, chifu na jina la baba, ambavyo vilikuwa sawa pande zote mbili.

Kisha nikafika kwenye safu ya utoro. Desemba 1941, siku nne zimewekwa alama kwa kalamu nyekundu, kuanzia tarehe 8 hadi 11. Kwa hiyo aligoma. Waafrika walikuwa wanadai nyongeza ya mishahara kwa sababu vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Moyo wangu ulikuwa unadunda, nikitarajia mstari unaofuata uwe wa kifo. Mstari uliofuata ulisema: tarehe 12, yupo kazini. Na chini yake, Januari 1942: *muté Kipushi*.

Amehamishiwa Kipushi, kwenye mgodi, kama kilomita thelathini kutoka hapa.

Mwandiko wa mwisho nilikuwa nimezoea kuusoma kazini: *broncho-pneumonie*, Machi 1943.

Nilitoka nje kupumua. Sikufurahi. Unaweza kudhani mtu anayetafuta hufurahi akipata, lakini mimi nilikuwa nimemuua shujaa wa familia kwa ugonjwa wa mapafu, na matanga ya mjomba mkubwa yalikuwa mwezi uleule.

Kipushi nilikwenda Jumamosi mbili. Vitabu vya parokia vya zamani viliandikwa Kilatini, na paroko aliniruhusu kukaa sakristini hadi giza likaingia kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Aprili 1942 nilimkuta: *Augustinus Kabange*, amebatizwa, na siku sita baadaye amefunga ndoa. Shahidi wa ndoa: Kyungu. Kwa hiyo Augustin ni jina alilopewa mwaka mmoja tu kabla ya kufa, na jina hilo pekee ndilo lililotufikia sisi. Bibi arusi hakuwa mama yake Kambo.

Hapo nilielewa ukurasa mmoja wa fishi ambao nilikuwa nimeupita haraka, ule wa familia. Kampuni ilimtambua mke mmoja tu. Jina la mama yake Kambo limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni limeandikwa *rayée*, na jina la Kambo, mtoto wa miaka saba, limekatwa pamoja naye. Chini yake, Mei 1942, kuna jina la mwanamke mwingine.

Wiki mbili nilinyamaza. Mama mkubwa alinishauri niyaache hayo yafe na makaratasi yao. Lakini Kambo ananijua, akaniuliza mwenyewe kama niliona ile namba. Nikamwambia taratibu: hakufa uwanjani, Kambo. Alikufa Kipushi, mwaka mmoja na zaidi baadaye.

Hakushtuka. Alinikasirikia mimi.

«Ni nani alikuambia asema alikufaka siku ile? Miye nilisema tu, hakurudia. Ni bale bajomba yako banaweka masasi.»

Na ni kweli. Nilirudia kichwani kila mara nilipomsikia akisimulia: alikwenda uwanjani, hakurudi. Siku zote alisema hivyo tu. Risasi ziliongezwa na watu ambao walizaliwa baadaye, na labda walizihitaji kuliko yeye. Kambo alikuwa amehama kambi na mama yake mwanzoni mwa 1942, wakahamia kwa ndugu zao huko Kamalondo, mtaa wa mji huu, kwa kuwa bila namba hakuna nyumba. Alijua tangu utotoni kwamba baba yake yuko hai mahali fulani.

Kwenye matanga ya mjomba hadithi ilisimuliwa kama kawaida, na Kambo alikaa kimya kwenye mkeka wake. Mimi pia.

Kesho yake aliniita nimsomee fishi yote, mstari kwa mstari, hata siku za utoro. Nilipofika mwisho akauliza:

«Na poso yetu? Banaandika ni nani alikulaka ile poso?»

Nikamsomea lile jina la chini. Akalirudia polepole mara mbili, kisha akataka kujua kama yule mama alikuwa na watoto. Nilitazama tena picha kwenye simu. Wamo wawili. Jumamosi ijayo narudi Kipushi.