Siku Tuliyokwenda Kutafuta Five Points

Binamu yangu alikuwa ameiangalia filamu ya Gangs of New York hata akawa anayatangulia maneno ya Bill Mchinjaji kabla Daniel Day-Lewis hajafungua mdomo. Mimi niliiona kwake, Bronx, usiku wa Jumamosi, na kulipokucha nikamwomba anipeleke Five Points, ile mitaa ya New York walikokatana mashoka.

"Mdogo wangu," akacheka, "ile mitaa ilijengwa studio, Cinecittà, huko Roma. Hapa utakuta Wachina wanacheza karata."

Na kweli, tukawakuta wanacheza karata. Vibanda vya pale, mtaa wa Mulberry, vilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19 ikawekwa bustani, ambayo leo ni Columbus Park, nyuma ya majengo ya mahakama. Tukapata benchi, naye akaanza kunisomesha. Yule Bill ametokana na mtu wa kweli, William Poole, mwenye bucha, aliyepigwa risasi akafa 1855. Filamu imemvusha hadi 1863 ili ghasia za Julai zimkute hai. "Scorsese kamfufua," akasema, kwa fahari utadhani walisaidiana kuiongoza ile filamu.

Mimi zilinikaa zile ghasia. Waayalandi walikimbia njaa ya viazi, wakafika New York wakadharauliwa, kisha ikapigwa kura ya kuchagua askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakaambiwa waende vitani au watoe dola 300, fedha ambayo kibarua angeitoa wapi? Hasira wakaimwagia watu weusi, ambao hata hawakuhusika na ile kura ya jeshi. Waliwindwa siku nne, wengine wakanyongwa barabarani. Makao ya yatima weusi pale Fifth Avenue yakachomwa siku ya kwanza. Watoto 233 waliokuwamo wakatolewa wazima.

Nikamwambia binamu kwamba filamu inayapita haya mbiombio kwa sababu ina haraka ya kuwarudisha Bill na Amsterdam, kijana ambaye Bill alimuulia baba yake, kwenye visu vyao. Mtoto kumlipizia baba yake kisasi tumekuona kwenye filamu za Kihindi tangu tukiwa wadogo. Mimi ningekaa saa tatu nzima kuwatazama wale yatima.

"Umeshuka kwenye ndege juzi, leo unamsahihisha Scorsese?"

Tulibishana mpaka ndani ya treni, abiria wanatuangalia. Tulipatana kwenye jambo moja tu: filamu kuteuliwa Oscar mara 10 na kurudi mikono mitupu, hapo Day-Lewis alionewa. Binamu ana kinyongo nalo hadi leo.