Siku moja maishani mwangu: muuguzi mbobezi, Mtwara mjini

Saa 1:30 asubuhi
Benchi limeshajaa. Kliniki yetu ina daktari wa familia mmoja, na mimi muuguzi mbobezi, yaani muuguzi aliyesomea zaidi ili kupima na kutibu wagonjwa, cheo ambacho wengi wao hawana habari nacho. Kabla hatujaita mtu, tunagawana foleni. Presha na sukari za kawaida, vidonda, uzazi wa mpango: kwangu. Kifua kinachobana, mjamzito mwenye presha, mtu anayekonda bila sababu: moja kwa moja kwa dokta. Mgawanyo huu tumeuandika na kuusaini wote wawili; bila hivyo ningeishia kuwa mpima presha tu.

Saa 3
Mzee kutoka Nanguruwe, presha 168/100. Ameingia anahema, kakunja nne, na anaongea. Namwomba ashushe miguu, mkono autulize mezani, tukae kimya dakika tano. 160/96. Njia rahisi ni kuongeza dawa. Namuuliza kwanza anavyozinywa.

“Nakunywa kichwa kikiniuma, mwanangu.”

Basi siongezi kitu. Tunazungumza hadi tunaelewana: kidonge kila siku baada ya swala ya alfajiri, kichwa kiume kisiume. Arudi baada ya wiki mbili.

Saa 5
“Mimi nimemfuata daktari, sikumfuata nesi.” Sibishani. Mama anaingia kwa dokta, na dokta anamrudisha kwangu apimwe miguu, maana ana sukari. Anafumba macho, namgusa nyayo kwa uzi maalumu wa nailoni, unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10. Kidole gumba cha kulia hakisikii. Hakuwa anajua. Namwonyesha binti yake namna ya kukagua nyayo kila jioni.

Saa 8 mchana
Chapati na chai. Vyeti vyangu vya dawa vinasubiri saini. Uingereza, tangu 2006, muuguzi aliyefuzu kuandika dawa anaandika karibu zote mwenyewe. Marekani kada hii ilianzia Colorado mwaka 1965. Kwenye kliniki yetu mimi napendekeza, dokta anasaini. Kwa dawa mpya sina ugomvi. Kwa dozi ileile ya mwaka mzima, tunamchosha bure.

Saa 10 jioni
Rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kisha simu kwa waliokosa tarehe. Mmoja anapokea akiwa shambani Tandahimba, mashine ya kupulizia salfa inanguruma.

“Sista, mikorosho kwanza.”

Vidonge vimebaki vya siku nne. Mpwa wake anakuja mjini kesho. Aje na kadi. Namwomba dokta asaini dawa za miezi miwili. Anauliza kipimo cha mwisho. 134/82, wiki sita zilizopita. Anasaini.