Kibao cha getini kinapima kilo, hakipimi tabia

Viwanja vingi vya mbwa Marekani, yaani maeneo yenye uzio ambamo mbwa hucheza bila kamba, vina sehemu mbili, ya wakubwa na ya wadogo. Mpaka ni uzito, mara nyingi pauni 25 au 30 (kilo 11 hadi 14 hivi). Kipimo hicho kina maana: mbwa wa kilo 30 akimwangukia wa kilo 4 katika mchezo tu, mguu unaweza kuvunjika. Tena kambwa kakikimbia huku kakilia, mkubwa aliyekuwa akicheza huweza kukaona kama sungura. Greyhound hasa, yule mbwa wa mbio.

Ila kilo hazikwambii mbwa wako anapenda nini. Nenda kwanza peke yako, usimame nje ya uzio dakika 15. Wanacheza mieleka au wanafukuzana? Wenye mbwa wanawatazama, au wameinamia simu? Kama ni simu, rudi saa nyingine, hata uwanja uwe mzuri vipi.

Mpenda mbio anahitaji eneo pana. Kwenye kiwanja chembamba atawagonga wenzake, na ugomvi huanzia hapo. Border Collie na wachungaji wengine huuma visigino vya wanaokimbia, jambo ambalo mbwa wa mieleka halimpendezi hata kidogo. Anayelinda mpira kwa meno mpeleke mahali pasipo na midoli, na mfukoni mwako kusiwe na chakula.

Mwoga ndiye anayekosewa zaidi. Watu humtumbukiza katikati ya kundi “azoee”, naye anachozoea ni hofu. Akifyata mkia, akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo au kuonyesha weupe wa macho, ameshasema. Mtoe kabla hajaunguruma. Kama uzito wake unaruhusu, mwanzishie upande wa wadogo. Kama hauruhusu, chagua saa ambayo kuna mbwa wawili au watatu, na dakika 20 zinatosha. Jijini New York, baadhi ya maeneo ya bustani kubwa huruhusu mbwa bila kamba asubuhi hadi saa 3 na usiku kuanzia saa 3. Long Meadow ya Prospect Park ni mojawapo: ina nafasi ya kumkwepa asiyemtaka. Lakini usimwachie huko asiyekuja akiitwa.

Getini pana hatari yake, kwa sababu kundi zima hukimbilia kumnusa mgeni. Mfungue kamba katikati ya mageti mawili, usimwingize akiwa amefungwa: kamba ikikaza humwinua kifua, wenzake wakaona anachokoza, naye hawezi kukimbia. Mvue na mnyororo wa shingoni, maana jino la mwenzake likinasa humo wote wawili huingiwa na kiwewe. Jike lililo kwenye joto la kutaka dume libaki nyumbani, na mbwa mtoto ambaye hajamaliza chanjo vilevile.

Huna uhakika kama ni mchezo au uonevu? Mshike anayefukuza. Aliyekuwa akifukuzwa akimrudia, waache. Akiondoka zake, mchezo uishie hapo.

Na wako mbwa wazima, hasa wakishapita miaka miwili au mitatu, wasiotaka kundi kabisa. Hao watafutie uwanja mtupu na kamba ya mita 10, uifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni: akifika mwisho wa kamba kwa kasi, shingo ndiyo inayoumia.