Walinikwangua chokaa kwanza

Napiga rangi nyumba za watu, Mbagala mpaka Mbezi, mwaka wa 20 na zaidi sasa. Daktari aliponiambia mshipa wangu mmoja wa moyo umejaa chokaa, nilicheka. Mwenzangu hakucheka.

Ilianzia kwenye ngazi. Ndoo ya rangi mkononi, ghorofa ya pili tu, kifua kinabana kama nimefungwa mkanda, nikikaa, kinaachia. Nikasingizia harufu ya rangi ya mafuta. Kumbe sukari niliyoishi nayo miaka 12 ilikuwa imesaidia kalsiamu, ndiyo hiyo chokaa, kuganda kwenye kuta za mshipa.

Nilitaka stenti, kama aliyowekewa jirani yangu. Daktari akaniuliza habari za tumbo. Nina vidonda, na mwaka juzi nilitapika damu. Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma kinachobaki ndani kuushikilia mshipa uwe wazi, na mara nyingi inadai dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa. Yeye akapendekeza puto lenye dawa: linavimbishwa ndani ya mshipa, linaacha dawa ukutani, kisha linatolewa, hakibaki chuma. Kwa puto, zile dawa mbili ningezimeza kama mwezi mmoja hivi. Tena mshipa wenyewe ulikuwa mwembamba kuwekewa chuma.

"Ila mzee wangu, dawa ya puto haipenyi vizuri kwenye chokaa."

Hapo tukaelewana. Ukuta wenye chokaa kuukuu ukiupiga rangi bila kuukwangua, rangi inabanduka, na fundi anaitwa mwizi.

Walipitia kwenye kifundo cha mkono, kwa ganzi, mimi niko macho. Kazi kubwa ilikuwa huko kukwangua: kichwa kidogo mno chenye chembe za almasi, kinazunguka zaidi ya mara 140,000 kwa dakika. Mlio wake ni kama wa mashine ya daktari wa meno. Kisha puto la kawaida, kuhakikisha mshipa unafunguka sawasawa. Nilikwishasaini kwamba ukichanika vibaya au ukisinyaa tena, stenti itawekwa.

Haikuhitajika. Likaingia puto lenye paklitakseli, ile dawa ya kuzuia mshipa usizibe tena, likavimbishwa dakika nzima. Maumivu yakaja yaleyale ya ngazini.

"Dada, kinabana!"

"Vumilia baba, puto limeziba mshipa. Likitolewa kitaachia."

Nikahesabu. Nilifika 54, kikaachia.

Sasa nimebaki na aspirini, dawa ya lehemu na zile za sukari. Ngazi napanda. Ndoo bado anabeba kijana wangu, maana mama yake hajaridhika.