Mimi ndiye niliyempokea

Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, acha niandike.

Matokeo ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, yametoka. Kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuzungumza 7.5, kuandika 6. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka 7 katika hayo matatu ya mwanzo na 6.5 katika kuandika. Yaani nusu alama tu. Miaka tisa najaza mafaili ya wagonjwa kwa Kiingereza, daktari anasoma na kuelewa, leo nakwamishwa na insha ya faida na hasara za utalii! Na hii ni mara ya pili. Mume wangu hakusema neno. Alinimiminia chai, akakaa kimya, nami nikajua anapiga hesabu za ada.

Pesa zenyewe zimeshaliwa sana. Kuna wakala aliyenichukulia shilingi 80,000 za "kunitafutia mwajiri", kisha simu ikawa haipokelewi. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba kanuni za Waingereza zinakataza wakala kumtoza muuguzi pesa ya kumtafutia kazi, na kwamba tangu Julai 2021 Kenya ina mkataba na Uingereza kuhusu wauguzi. Ningeuliza kwanza. Lakini mwenye haja ya kuondoka haulizi sana.

Mwenzangu tuliyekuwa naye wodi ya wanawake yuko Leeds, Uingereza, sasa. Hunitumia sauti za WhatsApp akinieleza OSCE, ule mtihani wa vitendo unaofanyiwa hukohuko: vituo 10, saa inakwenda, na unachofanya ukitamke. Unataja jina lako, unamuuliza mgonjwa jina lake na tarehe ya kuzaliwa, unamweleza ulichokuja kufanya, unaomba ruhusa. Hata kunawa mikono unasema nanawa mikono. "Anza mazoezi hukohuko," ananiambia, "ulimi uzoee."

Basi jana usiku nikaanza, kwa Kiswahili, kitanda cha saba. Amelala hawe mmoja, yaani bibi, wa huku kwetu Kilifi, presha imempanda.

"Hawe, hujambo. Mimi ni sista..." nikamtajia jina. "Nimekuja kukupima presha. Mkanda huu utakubana kidogo, kisha utalegea. Waniruhusu?"

Akanitazama kama niliyekosea kitanda.

"Ruhusa ya nini tena, mwanangu? Mkono si huo."

Nikafunga mkanda, nikapima, nikamsomea namba na kumwambia imeshuka kuliko ya jioni. Nilipokuwa nauviringa mkanda akasema, taratibu, "Nina siku nne humu. Ni wewe wa kwanza kunitajia jina."

Mimi ndiye niliyempokea siku ile ya kwanza. Nilimtundikia dripu kwa mikono yangu.

Naweza kujitetea. Jana tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 38, na usiku wa aina hiyo mtu unapita kitanda hadi kitanda kama unayegawa barua. Haya mambo ya kujitambulisha tulifundishwa chuoni, si mageni. Ila kutaja jina ni sekunde tatu, na sekunde tatu nilikuwa nazo siku zote. Zimepatikana kwa sababu kuna mtahini ng'ambo ya bahari atakayenihesabia alama.

Wodi nzima nikawafanyia hivyo hivyo hadi alfajiri. Wengine walicheka. Mama mmoja aliyejifungua juzi alikataa kuchomwa sindano mpaka nimweleze ni ya nini, nikajikuta nimekasirika, wakati nimemwomba ruhusa mwenyewe.

Asubuhi nilipokuwa nakabidhi zamu, hawe akaniita. Anataka kujua jana niliingiwa na nini.

"Najifunzia mtihani, hawe."

"Wa wapi?"

"Wa Uingereza. Nikifaulu naenda kufanya kazi huko."

Akanyamaza, akavuta leso yake hadi kidevuni.

"Basi usifaulu upesi," akasema.