Mwavuli Ndani ya Maji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi vijana wetu wa Area C walituwekea filamu ya vichekesho ya Marekani ya mwaka 1979, Being There. Peter Sellers ni Chance, mtunza bustani asiyejua kusoma, aliyekulia ndani ya ukuta wa tajiri. Akitaja mizizi na majira, wakubwa wa Washington wanadhani anafumba mambo ya uchumi. Mwishoni kuna mazishi, na waliobeba jeneza wananong'onezana kwamba huyu ndiye wa kugombea urais. Mwenyewe hana habari. Kajitenga na waombolezaji, kaunyoosha mche ulioinamishwa na tawi lililoanguka, kisha huyo, anatembea juu ya ziwa.

Basi mabishano! Huyu ni Kristo. Hapana, ni kufuru. Mama mmoja aliyezaliwa Hombolo, kando ya bwawa, akatunyamazisha: "Wanangu, mwavuli mmeuona?"

Tukarudisha nyuma. Kweli, Chance anasimama, anauchomeka mwavuli majini, unazama karibu wote. Anautoa, anaendelea. Mwongozaji, Hal Ashby, ametuonyesha kwamba kina kipo, hakuna jiwe la kukanyagia.

Mimi naona hivi: Chance hazami kwa kuwa hajui kwamba maji huzamisha. Inapendeza, nasi tumeambiwa tuwe kama watoto. Ila Petro alikuwa mvuvi. Na mvuvi yeyote wa Hombolo atakwambia, anayelijua bwawa ndiye anayeliogopa. Petro alilijua ziwa lile na upepo wake, na ilikuwa zamu ya nne ya usiku. Akaambiwa, "Njoo," akashuka chomboni akijua kilichoko chini. Someni Mathayo 14:22-33 taratibu. Chance hakuitwa na mtu, wala hakuhitaji kushikwa mkono. Petro alizama, akalia, akashikwa.

Nimemfikiria dada yetu aliyeacha kuuza pombe mwezi wa kwanza, ada za watoto watatu zikiwa mbele yake. Alijua kina. Wiki iliyopita alituambia kwenye maombi, machozi yakimtoka, kwamba anazama. Wapo waliomwona hana imani. Jamani, hapana! Aliyebaki chomboni hawezi kuzama.

Alhamisi saa kumi na moja jioni ibada ni kwake. Tutaomba kama Petro, maneno mawili tu: "Bwana, niokoe." Mwenye kilo ya unga aje nayo.